MGONJWA WA SARATANI AKISHAMALIZA TIBA: TUMSAIDIEJE DAKTARI WA KARIBU?



Katika vyama vyetu vya msingi wapo wanachama, wake kwa waume, waliowahi kuugua saratani, wakatibiwa katika hospitali kubwa, kisha wakarudi nyumbani kuendelea na kilimo chao. Zamani habari ya namna hiyo ilikuwa nadra. Aliyesafirishwa kwenda Dar es Salaam kwa sababu ya ugonjwa huo alihesabiwa na jirani zake kuwa amekwisha kuagwa. Leo mambo si hivyo tena. Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, iliyopewa hadhi ya taasisi kamili kwa sheria ya mwaka 1996, hupokea wagonjwa kutoka pande zote za Tanzania. Hospitali ya Bugando mjini Mwanza na ile ya KCMC mjini Moshi nazo hutoa tiba za ugonjwa huo. Ni kweli kwamba wengi bado hufika hospitali wakiwa wamechelewa, na kwamba wengi hufariki dunia. Lakini wapo pia wanaopona, na wapo wanaoishi miaka mingi baada ya tiba.

Hilo ni jambo la kushukuru. Hata hivyo, siku mgonjwa anaporuhusiwa kurudi nyumbani siyo siku ya mwisho ya safari yake. Tiba ya saratani ni tiba kali, na baadhi ya madhara yake hujitokeza baada ya miezi au hata miaka. Wakati huo mgonjwa hayupo tena mbele ya daktari bingwa aliyemtibu. Yupo kijijini, na mtu atakayemwona kwanza ni mganga wa zahanati iliyo jirani. Makala haya yana shabaha ya kueleza madhara hayo ni yapi, kwa nini daktari wa karibu hupata taabu kuyatambua, na ni msaada gani ambao mgonjwa mwenyewe, jamaa zake na Chama chake wanaweza kumpa daktari huyo ili afanye kazi yake vizuri.

Daktari wa karibu ni nani?

Katika nchi kama Uingereza na Kanada, upo utaratibu wa watu kuwa na daktari wa familia. Huyo ndiye anayewajua wazazi na watoto, anayetunza kumbukumbu zao za afya, na anayepelekewa barua na hospitali kila mmoja wao anapotibiwa huko. Kwetu vijijini kazi hiyo hufanywa na mganga mfawidhi wa zahanati, tabibu wa kituo cha afya, au daktari wa hospitali ya wilaya. Hao wote katika makala haya tutawaita daktari wa karibu.

Daktari wa karibu huwaona watu wengi kwa siku, na wengi wao wana malaria, kuhara, vichomi, vidonda na shinikizo la damu. Mgonjwa aliyewahi kutibiwa saratani huenda akamfikia mara chache tu kwa mwaka. Kwa hiyo si ajabu akawaza kwanza yale maradhi anayokutana nayo kila siku.

Tuchukue mfano

Mfano ufuatao haumhusu mtu fulani. Umetungwa ili kuonyesha jinsi mambo yanavyoweza kutokea.

Mwanachama mmoja, mama mkulima wa kahawa, aliugua saratani ya titi la kushoto. Alifanyiwa upasuaji, akaondolewa na tezi za kwapani, akapewa dripu za dawa kali kwa miezi kadhaa, akapigwa mionzi, kisha akaandikiwa vidonge vya kumeza kila siku. Alirudi nyumbani akiwa na nguvu. Mwaka wa tatu, baada ya msimu wa kuchuma, mkono wake wa kushoto ulianza kuvimba. Zahanati ilidhani ni matende, akapewa dawa za matende. Baadaye ngozi ya mkono ule ikawa nyekundu na ya moto, akapata homa. Alipimwa malaria, haikuonekana, akapewa dawa ya kutuliza maumivu na kurudishwa nyumbani. Mwaka uliofuata akaanza kukosa pumzi kila alipopanda kilima akiwa na ndoo ya maji, akatibiwa pumu.

Mama huyo hakumwambia mganga kwamba aliwahi kuugua saratani. Alidhani jambo lile limekwisha, na tena aliogopa watu wasije wakasema ugonjwa umerudi. Mganga naye hakuuliza. Faili lake lilikuwa Dar es Salaam, na vyeti vyake vilikuwa ndani ya sanduku nyumbani.

Wakati huohuo, kwenye mizani ya Chama, kilo za kahawa alizokuwa akileta zilipungua mwaka hadi mwaka. Katibu alipoitazama daftari alishuku kwamba mwanachama huyu anauza kahawa yake kwa walanguzi, nje ya Chama. Ikawa karibu aitwe mbele ya Bodi ajieleze.

Katika mfano huu hapana mtu aliyekuwa na nia mbaya. Kila mmoja alitenda kwa kadiri ya alichokijua. Kilichokosekana ni habari. Mkono ule ulivimba kwa sababu tezi za kwapani zilizokuwa zikipitisha maji ya mwili ziliondolewa. Wekundu na homa vilikuwa dalili za vijidudu vilivyoingia kwenye mkono huo, hali inayohitaji dawa ya kuua vijidudu mara moja. Na kukosa pumzi kuliwezekana kutokana na moyo uliodhoofishwa na zile dawa za dripu. Daktari wa karibu angejua mambo hayo matatu tangu mwanzo, kama tu angejua mama huyu alitibiwa nini.

Kwa nini tiba iache madhara?

Mkulima anaelewa jambo hili kwa urahisi. Dawa inayoua magugu, isipopimwa vizuri, huunguza na miche. Vivyo hivyo dawa na mionzi inayoua chembe za saratani hugusa pia chembe zilizo nzima. Baadhi ya majeraha hayo hupona upesi: nywele huota tena, vidonda vya kinywani hukauka, hamu ya chakula hurudi. Mengine hayaonekani mara moja. Mishipa midogo ya damu huziba polepole, nyama hukakamaa, mifupa hupoteza uimara wake, na kiungo kilichokuwa kikivumilia hushindwa siku kinapoongezewa mzigo, kama vile wakati wa ujauzito au uzee.

Yafaa madhara haya yaelezwe kwa kufuata aina ya tiba iliyotolewa.

(a) Upasuaji. Aliyeondolewa tezi za kwapani au za kinena anaweza kuvimba mkono au mguu wa upande huo, hata baada ya miaka. Mwanachama wa namna hiyo avae glavu au kitambaa kizito anapopogoa na kupalilia, kwa maana mchubuko mdogo wa mwiba waweza kuwa mlango wa vijidudu. Zamani wagonjwa walikatazwa kabisa kunyanyua vitu. Utafiti uliotangazwa Marekani mwaka 2009 ulionyesha kwamba mazoezi ya kunyanyua uzito, yakianzwa kidogo na kuongezwa polepole chini ya uangalizi, hayakuzidisha uvimbe wa mkono kwa wanawake waliotibiwa saratani ya titi. Hivyo shauri jema si kukaa bure, bali kurudi kazini hatua kwa hatua. Gunia zima la kahawa halibebwi siku ya kwanza.

(b) Mionzi ya nyonga. Hii ndiyo tiba wanayopewa wanawake wengi wenye saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo inayoongoza kwa wanawake katika Tanzania. Baada ya miezi au miaka, utumbo na kibofu vinaweza kutoa damu, haja zikawa za mara kwa mara, na pengine hutokea fistula. Hedhi hukoma mapema, na mifupa ya nyonga huweza kupata nyufa kwa shughuli ndogo tu. Uke huweza kukaza na kuwa mkavu, tendo la ndoa likawa la maumivu. Jambo hili la mwisho halisemwi, na kwa kutosemwa limevunja amani ya nyumba nyingi. Lakini lina matibabu, na daktari hawezi kulitibu asipoambiwa. Ni vizuri pia mume aelezwe kwamba ugonjwa huu hauambukizi kwa kuishi na mgonjwa wala kwa kula naye.

(c) Mionzi ya shingo na kinywa. Mate hupungua, meno huoza upesi, na tezi ya shingoni inayoongoza nguvu za mwili huweza kulegea. Mtu huyo huwa mchovu, husikia baridi, hunenepa na kufunga choo, akadhaniwa kuwa mvivu au kuwa na upungufu wa damu. Kipimo cha damu hulitambua jambo hili, na kidonge cha kila siku hulitibu. Lililo kubwa zaidi ni hili: mtu aliyepigwa mionzi ya taya asing'olewe jino kabla ya kumweleza mganga wa meno kuhusu mionzi hiyo. Mfupa wa taya uliopigwa mionzi hauponi kwa urahisi, na pengo la jino linaweza kuwa kidonda kisichofunga.

(d) Dawa za dripu. Dawa iitwayo doksorubisini, ambayo hutumika sana kwa saratani ya titi na nyinginezo, huweza kudhoofisha moyo, na hatari hukua kadiri jumla ya dawa aliyopewa mgonjwa ilivyokuwa kubwa. Ndiyo maana ni muhimu jumla hiyo iandikwe. Dawa iitwayo sisplatini huweza kudhuru figo, masikio na mishipa ya fahamu. Mtu aliyeitumia asipewe ovyo sindano za jentamaisini wala vidonge vya diklofenaki, ambavyo ni vya kawaida sana katika zahanati, maana navyo vinaweza kuzidisha madhara kwenye figo, na jentamaisini hudhuru pia masikio. Vinkristini na dawa za jamii ya taksani huacha ganzi na moto katika vidole vya mikono na miguu. Mwenye ganzi ya miguu na atembee na viatu shambani, kwani hatasikia mwiba unapomchoma.

(e) Vidonge na sindano za homoni. Kidonge cha tamoksifeni humezwa kwa miaka 5, na kwa wengine hadi 10. Mwanamke aliyekwisha kukoma hedhi akiona damu wakati anatumia kidonge hicho, au baada ya kukitumia, lazima achunguzwe kizazi. Akivimba mguu mmoja kwa ghafla, huenda ni damu iliyoganda. Wanaume wanaotibiwa saratani ya tezi dume kwa dawa za kupunguza homoni huweza kudhoofika mifupa na misuli, kunenepa tumboni, na kupata kisukari. Hao wapimwe sukari na shinikizo la damu kila mwaka, na kazi hiyo daktari wa karibu anaiweza.

(f) Watoto. Mwaka 1958 daktari Denis Burkitt aliandika habari za uvimbe wa taya kwa watoto wa Uganda, na mwaka 1967 ikaanzishwa Taasisi ya Saratani ya Uganda mjini Kampala, ambako ilionekana kwamba watoto wengi wa aina hiyo wanaweza kuponywa kwa dawa. Mtoto aliyepona leo atakuwa mtu mzima kesho, ataoa au kuolewa, atalima na kulea. Madhara kama vile ugumu wa kupata mtoto, au moyo dhaifu wakati wa ujauzito, yanaweza kumkuta miaka 20 baadaye, wakati hata mama yake amesahau jina la dawa. Wazazi na waitunze karatasi yake kama wanavyotunza cheti chake cha kuzaliwa.

Je, daktari wa karibu anaiweza kazi hii?

Wapo wanaodhani kwamba mgonjwa wa saratani hawezi kuangaliwa na mtu mwingine isipokuwa bingwa. Jambo hili lilichunguzwa. Huko Uingereza, utafiti uliotangazwa mwaka 1996 uliwalinganisha wanawake waliotibiwa saratani ya titi: wengine waliendelea kuangaliwa hospitali, wengine waliangaliwa na daktari wa familia. Ilionekana kwamba wale wa daktari wa familia hawakucheleweshwa kugunduliwa ugonjwa uliporudi. Kanada nao walifanya uchunguzi wa namna hiyo kwa wanawake 968, na matokeo yake yalitangazwa mwaka 2006. Hapo pia hapakuonekana tofauti katika madhara makubwa ya ugonjwa kati ya makundi hayo mawili. Katika uchunguzi huo wa Kanada madaktari wa familia hawakuachwa hivi hivi; walipewa mwongozo mfupi ulioandikwa, wa jinsi ya kumwangalia mgonjwa.

Zahanati zetu hazina vifaa vya Kanada, na si haki kuzidai zifanye yasiyowezekana. Mgonjwa ataendelea kuhitaji kliniki za bingwa kwa tarehe alizopangiwa. Lakini somo linabaki palepale: daktari wa karibu, akipewa habari zilizo wazi na mahali pa kuuliza, hufanya kazi kubwa.

Mwaka 2005 Taasisi ya Tiba ya Marekani ilitoa taarifa iliyosema kwamba wagonjwa wengi hupotea katikati, wanapotoka kwenye tiba na kurudi kwenye maisha ya kawaida. Ilishauri kwamba kila anayemaliza tiba apewe muhtasari wa tiba yake pamoja na mpango wa kuangaliwa baadaye. Tokea hapo ushauri huo umefuatwa katika nchi nyingi. Lakini yafaa tuseme na upande wa pili. Utafiti mwingine wa Kanada, uliotangazwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba wanawake waliokabidhiwa kwa daktari wa familia pamoja na mpango huo ulioandikwa hawakuwa na mashaka machache kuliko wenzao waliokabidhiwa bila mpango huo. Maana yake ni kwamba karatasi peke yake haimtibu mtu. Karatasi huwa na faida inaposomwa, na msomaji anapoitumia.

Karatasi ya muhtasari wa tiba

Kabla mgonjwa hajaondoka hospitali baada ya tiba yake ya mwisho, yeye au jamaa yake amwombe daktari, kwa adabu lakini bila kuona haya, amwandikie muhtasari. Kuomba muhtasari wa tiba yako mwenyewe si ukaidi. Ukurasa mmoja unatosha, na uwe na mambo haya:

1. Jina la ugonjwa, mahali ulipoanzia, na hatua uliyokuwa umefikia.
2. Upasuaji uliofanyika, tarehe yake, na kama tezi ziliondolewa ni za upande gani.
3. Mionzi: sehemu ya mwili iliyopigwa, jumla ya kipimo, na tarehe ya kumaliza.
4. Dawa za dripu: jina la kila dawa na jumla ya kiasi kilichotolewa.
5. Vidonge au sindano zinazoendelea: jina, kipimo, na mwaka vinapotakiwa kukoma.
6. Madhara yanayoweza kutokea baadaye kwa mgonjwa huyu.
7. Vipimo vinavyotakiwa na kila baada ya muda gani.
8. Dalili zinazotaka mgonjwa arudishwe hospitali upesi.
9. Namba ya faili la hospitali, na namba ya simu ya kliniki ambayo daktari wa karibu anaweza kuuliza.

Jambo la 9 lisidharauliwe. Mganga wa zahanati mwenye namba ya kupiga huuliza dakika chache akapata jibu. Asiye nayo hukisia, au humtuma mgonjwa safari ndefu isiyo ya lazima.

Karatasi hiyo itolewe nakala tatu. Moja akae nayo mgonjwa, ya pili aipeleke mwenyewe zahanati hata kama siku hiyo haumwi, ya tatu atunziwe na ndugu anayemwamini. Wenye simu waipige picha pia. Na kila aendapo kutibiwa, hata kwa jino au kwa mafua, neno lake la kwanza liwe: "Niliwahi kutibiwa saratani, na karatasi yangu ni hii."

Wajibu wa Chama

Huenda Katibu akauliza, "Haya yanahusiana nini na ushirika?" Jibu lipo katika misingi ya ushirika yenyewe. Mkutano wa Muungano wa Vyama vya Ushirika Duniani uliofanyika Manchester mwaka 1995 uliithibitisha misingi 7, na miongoni mwake umo msingi wa elimu na habari kwa wanachama, na msingi wa kuijali jamii. Mwanachama aliyepona saratani akapotea kwa kukosa kuangaliwa ni hasara kwa watoto wake kwanza, na ni hasara kwa Chama pia. Kazi ambazo Chama kinaweza kuzifanya bila gharama kubwa ni hizi:

Kwanza, elimu. Mganga mfawidhi wa zahanati aalikwe katika mkutano wa wanachama aeleze mambo haya. Atajibu maswali, na wanachama watamjua. Aliyekwisha kumwona mganga akizungumza mkutanoni haoni haya kumwendea.

Pili, nakala. Ofisi ya Chama yenye mashine ya kunakili imsaidie mwanachama kutoa nakala za karatasi yake. Akipenda, nakala moja iwekwe katika bahasha iliyofungwa, ndani ya kabati la Chama lenye kufuli, na isifunguliwe bila ruhusa yake.

Tatu, kazi. Mwanachama aliyedhoofika aruhusiwe kuleta mazao yake kidogo kidogo, au amwandikishe mtu wa nyumbani kwake kuyaleta mizanini kwa kitabu chake. Upungufu wa kilo usichukuliwe mara moja kuwa ni udanganyifu. Katibu mwenye daftari mbele yake huenda akawa mtu wa kwanza kuona kwamba nguvu za mwanachama zinapungua. Na aanze kwa kumtembelea na kumjulia hali, kabla ya kumwandikia barua.

Nne, fedha. Wagonjwa wengine huacha vidonge vya homoni au hukosa kliniki kwa sababu nauli haikupatikana kabla ya malipo ya kahawa. Bodi iangalie kama masharti ya Chama yanaruhusu mfuko wa kusaidiana, na jambo hilo lipelekwe mbele ya Mkutano Mkuu lipate idhini na makadirio yake. Fedha za Chama zisitolewe kwa huruma ya mtu mmoja nje ya utaratibu. Vilevile Katibu awahimize wanachama wajiunge na bima ya afya wakiwa bado wazima. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, na ni vizuri kila Chama kiulize ofisi husika juu ya utekelezaji wake.

Tano, siri. Habari za ugonjwa wa mwanachama si mali ya Chama. Zisitajwe mkutanoni, zisiandikwe katika kumbukumbu za kikao, wala zisizungumzwe barazani, ila kwa ridhaa yake mwenyewe. Katibu asiyeweza kutunza siri atafanya wagonjwa wafiche, na hapo kazi yote hii itakuwa bure.

Dalili zisizosubiri

Madhara ya tiba ni jambo moja. Kurudi kwa ugonjwa ni jambo jingine, na pengine dalili zake hufanana. Kwa hiyo mwenye historia ya saratani asijitibu mwenyewe, na daktari wa karibu asiridhike kusema "ni madhara ya tiba tu" kabla ya kuchunguza. Aende au apelekwe hospitali bila kuchelewa akiona:

– uvimbe mpya mahali popote;
– damu katika choo, mkojo au ukeni;
– maumivu ya mfupa yasiyoisha, hasa ya usiku;
– maumivu ya mgongo pamoja na miguu kulegea au kushindwa kuzuia haja (hii ni dharura ya siku hiyohiyo);
– kukosa pumzi, kuvimba miguu, au kushindwa kulala chali;
– mkono au mguu uliovimba kuwa mwekundu na wa moto pamoja na homa;
– kukonda bila sababu;
– maumivu makali ya kichwa yanayofuatana na kutapika.

Mwisho

Ndugu Wanachama, tumrudie mama yule wa mfano wetu. Kama siku alipotoka hospitali angekuwa na ukurasa mmoja wenye mambo tuliyoyataja, na nakala yake ingekuwa zahanati, mkono wake usingetibiwa matende. Homa yake ingepata dawa siku ileile. Moyo wake ungepimwa mapema, wakati dawa za kuusaidia zingali na faida kubwa. Na Katibu wake, badala ya kumshuku, angemtumia kijana wa kumbebea gunia.

Madaktari bingwa wamefanya kazi yao, na fedha nyingi zimetumika kumponya. Sehemu iliyobaki ni ndogo, lakini ndiyo iliyo mikononi mwetu: kuhakikisha kwamba anayempokea kijijini anajua alikotoka. Tunawaomba Makatibu wote wayasome makala haya katika mikutano ya wanachama, na wayabandike kwenye ubao wa matangazo wa Chama, karibu na mizani, mahali ambapo kila mwanachama hupita.